Kimya cha Kupulizia Ndege wa Kioo

Mwaka wa 1996 nilikuwa na miaka hamsini na tatu, na sikuwa nimewahi kulala hospitali hata siku moja tangu nizaliwe. Mvua ya Novemba ndiyo iliniletea kikohozi. Nasema mvua kwa sababu ndivyo tulivyosema sote pale nyumbani, mpaka siku damu ilipoonekana.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Anayetaka Kiswahili cha redio akafungue redio. Mimi namwandikia yule ambaye ameambiwa leo kwamba ana kifua kikuu, na yuko kwa benchi anaangalia miguu ya watu, anafikiri kazi ya mikono yake imekwisha. Hata mimi nilikaa kwa benchi hiyo.

Kwanza ujue kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichoniuma. Mimi hutengeneza ndege wa kioo. Nikiwa kijana nilifagia karakana moja ya Nairobi iliyokuwa inatengeneza vioo vya maabara za shule. Hakuna aliyenifundisha. Fagio langu lilikuwa linaenda polepole sana kila lilipokaribia meza ya moto, basi. Nilipotoka huko nilirudi kwetu karibu na Mitaboni, nikajenga kibanda cha mabati nyuma ya migomba, nikaweka mtungi wa gesi, kichomeo, na mvukuto wa kukanyaga kwa mguu. Kioo nilikitoa kwa chupa kuukuu: za kahawia, za kijani, na zile za bluu za dawa ya tumbo, ambazo ni ngumu kupata. Shanga nilitengenezea akina mama wa kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Ndege nilitengenezea mtu yeyote aliyekuwa na macho.

Ndege ana tumbo la hewa. Unachoma kioo mpaka kiwe laini kama ugali wa mtoto, unakizungusha bila kusimama, unapuliza kwa mdomo kupitia kijiti chenye tundu, tumbo linatoka. Ukigeuza shingo kidogo tu kumwitikia mtu, tumbo linaanguka upande mmoja kama kiwele cha mbuzi. Ukimaliza unamzika ndege kwa jivu la moto, ili apoe taratibu. Hapo ndipo watu hufikiri kazi imekwisha. Haijakwisha. Unakaa kando ya lile jivu, unasikiliza. Kioo ambacho hakikuchomwa sawasawa husema kabla ya kupasuka. Kinasema tik, kidogo sana, kama ganda la mbaazi linapofunguka juani. Ukisikia, unamtoa haraka unamrudisha kwa moto, anapona. Usiposikia utafukua vipande.

Kwa hiyo kimya kwangu hakikuwa maringo. Kilikuwa chombo cha kazi kama koleo.

Sasa niambie, katika boma la Ukambani utapata wapi kimya? Mgeni akifika kwa mlango wa boma anaita mpaka aitikiwe. Jirani akipita bila kukusalimu, ni kwamba mna kesi. Kuku, watoto, maziwa yameletwa, maziwa hayajaletwa. Mwishowe nilichukua leso nyekundu kuukuu ya mke wangu, nikatoa amri: leso ikiwa mlangoni mwa kibanda, hakuna kuniita, hakuna kuingia. Hata yeye. Mama Mwende aliniuliza, "Na nyumba ikishika moto, ningoje leso ishuke?" Nikamwambia angoje. Tuligombana kuhusu leso hiyo kwa miaka, naye akinunua leso mpya alikuwa ananificha, nisije nikaichukua nayo.

Basi, siku ya damu. Leso ilikuwa mlangoni. Nilikuwa na kioo cha bluu kwa moto, tumbo la ndege linatoka vizuri, kikohozi kikanipanda. Nilikizuia, kwa sababu kioo hakingoji mtu. Kikatoka hivyo hivyo kupitia kijiti. Nilipotoa mdomo niliona ndani ya tumbo la ndege doa jeusi, limeungua hapo hapo. Kwanza nilifikiri ni masizi. Kisha nikaona mkono wangu.

Sikumwonyesha mtu. Nilimzika ndege kwa jivu kama kawaida. Jioni Mama Mwende ndiye alimwona dirishani nilipomweka, akamshika akamwelekeza kwa mwanga, akaniuliza hii ni nini. Nikasema masizi. Akaangalia shati langu. Asubuhi nilikuta amevaa viatu vya kanisani na amefunga chakula, na hakuniuliza kama nataka kwenda.

Hospitalini tulikaa kwa benchi ndefu ya mbao. Mtu akiitwa, wote mnasogea nafasi moja, na mahali unaposogea pana joto la mtu mwingine mgonjwa. Hilo nalikumbuka kuliko daktari. Kulikuwa na kijana mwembamba sana ambaye kila mtu alikaa mbali naye, na mimi pia. Miaka hiyo mtu akikonda na kukohoa watu walikuwa wamekwisha kumzika kwa midomo. Niliangalia mikono yangu nikaona saa imelegea, imeteremka mpaka kwa kiganja, nikajua hata mimi kuna mtu anakaa mbali nami. Nilipogeuka niliona nafasi kati yangu na mama wa upande wa pili. Ingetosha watu wawili. Mama Mwende alihama upande wake, akaja akaijaza ile nafasi kwa mwili wake na kikapu chake, akaanza kumenya ndizi.

Wakapiga picha ya kifua, wakachukua makohozi kwa kikopo. Jibu likawa kifua kikuu. Ningepewa vidonge kwa miezi mingi, na miezi miwili ya mwanzo sindano kila asubuhi kwa dispensari iliyo karibu na nyumbani. Nilimuuliza daktari jambo moja tu: nitapuliza tena? Akaniuliza kupuliza nini. Nikamwambia ndege. Akamwangalia mke wangu kama anayeuliza hiki kichwa kiko sawa.

Dispensarini nesi alikuwa mama mmoja mnene mcheshi, tulimwita Sista Ndunge. Aliuliza kuhusu kazi yangu vizuri, akasema nipumzike kwanza, dawa ifanye kazi, na kile kijiti cha kupulizia kiwe cha mdomo wangu peke yangu. Sindano zake zilikuwa kama kung'atwa na siafu mzee. Nilikuwa nachechemea kurudi nyumbani. Mkojo ulibadilika ukawa rangi ya chungwa; usiogope, ni vidonge. Jasho la kulala lilipungua. Kufika Krismasi nilikula sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, nikaimaliza, na Mama Mwende akaenda jikoni akakaa huko kidogo kabla ya kurudi na nyingine.

Lakini wageni. Kwetu mtu akiugua, kumtembelea ni deni, na mgonjwa naye anatakiwa awe amelala. Wageni wakikukuta umesimama wanaona wamedanganywa, wamebeba unga bure. Kwa hiyo nililala. Walikuja wa kanisa, wakaja wa ukoo, wakaja watu wa Masii ambao mara ya mwisho niliwaona kwa mazishi. Walisimulia mbele yangu watu wote waliokufa kwa kifua. Wa mbele kabisa alikuwa kaka yangu mkubwa, Kioko, Baba Mutiso. Alikuwa anakuja na Biblia na kiti chake mwenyewe.

Halafu siku moja nikakuta kwa ngazi kitu kimefungwa kwa gazeti. Nilifungua. Ni ndege wangu wa kijani, niliyemtengenezea jirani yetu mama Kavata msichana wake alipoolewa. Nilimwita nikamuuliza kosa la ndege ni nini. Alisimama mbali, akashika mdomo kwa leso.

"Si ubaya, Baba Mwende," akasema. "Ni vile tumbo lake liko na pumzi yako."

Ni kweli. Kila ndege niliyewahi kuuza alikuwa amefungiwa pumzi yangu tumboni. Nilikuwa najisifia jambo hilo. Baada ya huyo walirudi wengine, na wengine wakavunjwa, nilisikia.

Januari nikapata nguvu ya kusimama, nikatundika leso, nikaingia kibandani. Nilikuwa nataka shanga tu, kazi ya kukaa. Nikakanyaga mvukuto, nikawasha, nikafanya kidogo, nikazima. Nilipokaa nisikilize jivu, nikasikia kitu kinalia ssss, chembamba, bila kupumua. Mtu wa kazi yangu akisikia sauti hiyo hafikirii mambo mawili. Ni gesi inavuja. Nilifunga mtungi. Bado ssss. Nikachanganya sabuni na maji nikapaka povu kwa mpira wote, kutoka mtungini mpaka kwa kichomeo, nikingoja povu livimbe mahali penye tundu. Halikuvimba. Nikabadilisha mpira. Nikabadilisha na kile kifungo cha mtungini. Kesho yake, ssss. Nilifungua kichomeo chote nikakiweka kwa meza vipande vipande, na vile vipande vililia vimelala pale.

Nilitoka nikamwambia Mama Mwende asiwashe jiko karibu na kibanda, gesi inavuja na siioni inapotoka. Aliingia mpaka mlangoni akanusa. Akasema hasikii harufu. Nikamwambia pua yake ni ya vitunguu.

Maneno hayo yalimfikia Kioko kabla ya jua kuzama. Asubuhi niliporudi kutoka sindanoni nilikuta kufuli kubwa kwa mlango wa kibanda, na kaka yangu amekaa kwa kiti chake mbele yake.

"Ndugu yangu," akasema, "nilijua. Hiyo gesi ndiyo ilikula kifua chako, sasa inataka boma lote. Nimefunga. Ukipona tutaongea."

Nilimwomba ufunguo. Akapiga mfuko wa koti, akasema uko mahali pazuri. Kaka mkubwa kwetu ni kama baba. Huwezi kumshika koti. Nilisimama nikatetemeka kwa hasira, na yeye akaona kule kutetemeka ni ugonjwa, akanishika mkono akanipeleka kitandani.

Jumapili iliyofuata nilienda kanisani mara ya kwanza tangu niugue. Katekista akasema tuombe kimya. Kanisa lote likatulia, hata watoto. Na katika kile kimya, ssss. Nilifungua macho nikatafuta. Niliangalia taa, lakini hazikuwashwa. Niliangalia dari. Nikaziba masikio kwa vidole, na sauti ikawa kubwa zaidi.

Nilikaa chini watu wakiwa wamesimama. Mama Mwende akainama akaniuliza ni kifua? Nikamwambia, "Gesi iko ndani yangu."

Kesho yake nilimwambia Sista Ndunge. Alikuwa ameshika sindano tayari. Aliiweka chini pale pale. Akauliza imeanza lini, natembea nikiyumba? Nikasema ndiyo, nilifikiri ni udhaifu. Akaniambia ile dawa ya sindano huweza kushika masikio, na kwamba ingefaa niseme siku ya kwanza. Nikamwambia siku ya kwanza nilikuwa napaka mpira sabuni. Hakucheka. Akaniandikia nirudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, sikio likianza kulia, au ukiona ardhi inayumba, usilitafutie sababu kazini kwako. Sema kabla hawajakudunga.

Walisimamisha sindano wakanipa vidonge vingine. Daktari akaniambia wazi kwamba mlio unaweza kupungua au unaweza kubaki, na kwamba sikio la kulia limeumia sana. Hapo nikarudi kwa ile benchi, kungoja kama dawa mpya zitashinda ugonjwa bila ile sindano. Lakini nitasema ukweli: kufa kulikuwa kumepungua kunisumbua. Nilikuwa nauliza kitu kingine. Mtu asiyesikia jivu atajuaje ndege anapasuka? Nimepigania kimya miaka yote hiyo, nimefukuza mpaka mke wangu mlangoni, sasa kelele imeingia mahali ambapo leso haiwezi kutundikwa.

Mvua ya Aprili ilinyesha. Nilisikia mabati upande mmoja tu. Nyumbani tulikuwa tunasemezana vibaya. Nilikuwa naona watu wananong'ona, na pengine hawakuwa wananong'ona. Mama Mwende akisema jambo nisilisikie alikuwa harudii. Anaenda kulifanya mwenyewe. Alikuwa amechoka, na mimi sikuwa mtu wa kumwambia pole. Alikuwa anamwaga kopo langu la makohozi kwa choo na kulichoma kwa maji ya moto, kila siku, na vikombe vyangu vilikuwa na kamba nyekundu ili visichanganyike. Mwili ulirudi polepole. Saa ilipanda tena kwa mkono, tundu kwa tundu.

Agosti, wakati wa ile baridi ya ukungu, daktari akasema makohozi ni safi, na dawa zimekwisha. Sista Ndunge alinipa mkono. Nilitembea kurudi nyumbani bila kusimama mlimani, nikaosha mikono, nikamtuma mtu amwite kaka yangu.

Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Tulikaa sebuleni. Nilimwambia nimepona, tuliahidiana tutaongea. Kioko akaongea sana. Akasema hata kama si gesi, ni kioo, ni kupuliza, watu wanarudisha ndege, jina la boma limechafuka, niuze mtungi nipande kahawa kama watu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Upande wake ulikuwa sikio langu bovu, mengine sikuyapata, na nilipomwomba arudie aliwaangalia wazee, kama kusema mnaona.

Mama Mwende alikuwa anaweka chai. Aliweka birika chini.

"Baba Mutiso," akasema, "damu ya huyu nimeosha mimi. Kopo lake nimemwaga mimi. Wewe ulileta unga, asante, tulikula. Sasa lete ufunguo."

Kioko akamwambia pole pole, kama mtu anayeongea na mtoto, "Na kikilipuka?"

"Basi nitalia mimi. Wewe utakuja na unga tena."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa, kisha akakumbuka yuko nyumba gani akaacha. Mkono wa Kioko ukaingia kwa koti. Ufunguo ulikuwa na kutu kidogo. Hakunipa mimi. Alimpa yeye.

Kesho yake nilitundika leso. Nilikata chupa ya bluu. Mikono haikuwa imesahau kitu. Kifua kilichoka haraka, lakini pumzi ilitosha ndege mmoja. Tumbo likatoka safi, halina doa. Nilimzika kwa jivu, nikakaa, nikainama na sikio la kushoto. Ssss tu. Nilikaa mpaka jivu likapoa. Nilipomfukua alikuwa vipande vitatu.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimfukua nikakuta mkia peke yake umepona. Nilikaa na mkia ule mkononi, na nilikuwa nahesabu ni nani atanunua mtungi.

Mlango ukagongwa. Leso ikiwa imetundikwa. Nilijua ni nani kwa sababu hakuna mwingine angethubutu. Alifungua bila kungoja. Alikuwa na ungo wa mbaazi. Alikuwa amekaa hapo nje kando ya ukuta, anapukusa, siku zote tatu, wala sikujua.

"Kile kitu kilisema," akasema.

Nikamuuliza kitu gani.

"Kwa jivu. Kilisema mara mbili. Cha jana pia kilisema. Nikafikiri umesikia, na leso iko mlangoni, nikanyamaza." Akaniangalia. "Hukusikia?"

Mtu kama mimi, aliyejifundisha kwa fagio, aliyejenga kwa mikono yake, hapendi kuulizwa swali hilo. Niliangalia meza. Niliangalia ule mkia. Halafu niliinuka, nikaondoa chupa juu ya kigoda cha kona, nikakipangusa kwa mkono, nikakisogeza karibu na jivu.

Alikaa na ungo wake. Akauliza, "Na leso?"

Nikamwambia ibaki, ni ya wengine.

Nilichoma kioo kingine, cha kijani. Hakuongea. Sikujua kwamba yule mama anajua kunyamaza hivyo. Labda ningejua kama ningemwacha aingie. Nilimzika ndege, nikakaa nikitazama uso wake badala ya jivu. Aliacha kupukusa. Kichwa chake kikalala kidogo upande, kama kuku anayesikiliza kipanga. Mkono ukanigusa begani. Nilifukua kwa koleo haraka, nikamrudisha ndege kwa moto, nikamzungusha mpaka akang'aa tena, nikamzika upya. Tukangoja. Mkono haukunigusa tena.

Yule ndege tulimpelekea mama Kavata. Alimchukua. Alimshika kwa leso kwanza, baadaye kwa mkono.

Mlio haukuisha. Umepungua, uko kama mbu aliye chumba cha pili, nami nimemzoea. Siwezi kukuambia wako utaisha.

Leo, mwaka wa 2006, niko na kichomeo kimoja, kile kile. Niko na mitungi miwili, mvukuto niliobadilisha ngozi mara mbili, na koleo tatu. Niko na shamba la mbaazi na mistari michache ya kahawa, ili kaka yangu afurahi. Ng'ombe mmoja, mjeuri. Sikio moja zuri la kushoto. Ndege wa bluu mwenye doa tumboni, yuko dirishani, simuuzi. Leso nyekundu, ya nne au ya tano. Kibandani, vigoda viwili.